Ambia Majirani Mbele ya Kukimbia

Batoto bangu ba salle ya mazoezi, muliniomba maneno kidogo ya kubandika ku ukuta, pale karibu na kioo, fasi yenye munajiangaliaka mikono mukifikiri hakuna mutu anawaona. Mulisema: "Papa Kilo, ukurasa moja tu inatosha."

Masomo yangu iliishia mwaka wa ine wa primaire. Siku ya mwisho nilikuja ku masomo na mbuzi ya baba, juu hakukuwa mutu wa kuichunga, na ile mbuzi ikakula cahier, daftari ya directeur, na kipande ya kofia yake. Hiyo ni habari ingine. Ukurasa moja, nitajaribu. Kama inapita, ingine muibandike ku mulango ya choo, kule batu banasomaka muzuri.

Swali yenu ilikuwa hii: "Papa, namna gani mutu ataendelea na mazoezi kila asubuhi na hizi habari zote? Leo barabara ya Beni imefungwa, kesho ville morte, muji yote imefungwa, kesho kutwa batu banasema ati kuko batu fulani ba silaha balionekana mu mashamba. Moyo inachoka. Afazali tungoje, tutaanza tena wakati inchi itatulia."

Eee. Wakati inchi itatulia. Mimi niko na miaka makumi saba na tatu. Ile maneno niliisikia kwa baba yangu, alikuwa anangojea inchi itulie ili apake nyumba chokaa. Baba alikufa. Nyumba iko pale, haina chokaa. Yaya yangu Mumbere, ndugu yangu mukubwa, naye alikuwa anangojea. Huyu Mumbere nitarudi kwake, juu bila yeye hakuna habari. Kwa sasa mujue tu hii: alikuwa menuisier, fundi wa mbao mwenye nguvu, alibeba mulango ya kanisa peke yake ku bega. Asubuhi moja aliamuka, mukono na muguu ya kuume ikakataa kuamuka pamoja naye. Ilikuwa tension, ile ya damu kupanda. Tangu ile siku anakaa ku kiti, ku mulango ya nyumba yake, na mulango yangu inaangalia yake. Kila asubuhi nikifungua, kitu ya kwanza naona ni yaya yangu amekaa. Muweke hiyo mu kichwa.

Sasa kazi. Miaka zaidi ya makumi tatu nilichunga salle, hii yenyewe munafanyia, hapa Butembo, karibu na kiwanja ya ndege ya Rughenda. Haikuanzishwa na mimi. Ni Muzee Paluku njo aliianzisha, shofere wa camion. Camion yake ilifia ku mulima, akaikata kipande kipande na kuileta ku parcelle ya nyumba yake. Ile chuma ndefu munanyanyua kila siku ni essieu, chuma ya kushika magurudumu ya ile camion. Banc yenye munalalia ni kiti ya convoyeur, musaidizi wa shofere, kama munanusa muzuri mutasikia bado harufu ya samaki ya chumvi. Muzee Paluku alisema: "Hii camion ilinivunja mugongo miaka kumi na tano. Sasa ni zamu yake kunitengeneza."

Mimi nilikuwa fundi wa sima, saruji ya kujenga. Alinikamata ili nimimine poids, bizito ya kunyanyua, mu makopo ya maziwa, makopo kubwa. Munafikiri ni kazi ya mujinga? Mukamate sima na muchanga ya muto yenye imeoshwa. Muchanga ya barabara hapana. Muweke chuma kati, na ku chuma mufunge waya, juu sima ikose pa kuteleza. Kiisha mufunike na gunia yenye maji siku saba. Siku saba! Mimi mara ya kwanza niliweka ku jua siku mbili tu, juu nilikuwa na haraka ya kuonyesha. Diacre moja wa kanisa yetu akakuja kujaribu, akanyanyua juu ya kichwa, akasema "Bwana asifi—" na kopo ikajifungua kama yai. Kipande kubwa ikamuangukia ku kidole ya muguu. Hakumalizia ile sala. Mpaka leo, ile kidole ikimuuma, bamama banakimbilia nguo yenye walianika: mvua iko karibu.

Kiisha tulipashwa kuandika kilo ku kila kopo. Balance, mizani ya kupimia, hatukuwa nayo. Nani ana balance mu quartier? Ancien Nzanzu, muzee wa kanisa na mununuzi wa kahawa, mutu mwema, aliimba bass mu chorale. Tulipeleka makopo yote kwake na pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma, akapima bila kutuomba kitu, mimi nikiandika na rangi nyekundu: kumi, makumi mbili, makumi ine. Na mimi mwenyewe, juu nilikuwa pale, nilipanda. Makumi saba. Nikaona vizuri, nikafanya desturi: kila mara nikipita kwa Ancien, napanda ku balance yake kidogo, nashuka na furaha.

Miaka ikapita. Siku moja Beni ikatualika kwa mashindano ya kunyanyua chuma ku terrain ya mupira. Tuliogopa, juu ba Beni balikuwa na poids ya kununua, yenye namba imechongwa ndani ya chuma. Kijana wetu wa kwanza alikuwa Kambale, mutoto wa upande wa Mabalako, mwembamba kama muti ya maharagi. Bakamuwekea makumi munane. Kambale akainyanyua, akaishikilia kule juu, akaniangalia na kuuliza:

"Papa Kakule, niiweke chini ao bado banaongeza?"

Bakaongeza. Akanyanyua. Wa pili wetu, hivyo hivyo. Ba Beni bakaanza kusema dawa. Bakapekua mifuko yetu, bakavua Kambale biatu, bakaangalia ndani ya soksi. Mutu moja akaenda kuita pasta aombee ile chuma. Pasta akaomba, Kambale akasema amina, akanyanyua tena.

Batu betu baliimba barabara yote mpaka Butembo. Muzee Paluku peke yake hakuimba. Tukifika, akaniambia: "Kakule, yale makopo tulipimisha wapi?"

Asubuhi tulienda kwa Ancien Nzanzu na gunia ya sima yenye haijafunguliwa. Kila mutu anajua gunia ya sima ni kilo makumi tano. Tukaiweka ku balance. Makumi ine na tatu na nusu.

Ancien akakuna shingo. "Hii sima ya siku hizi," akasema, "habajazake muzuri."

Muzee Paluku akarudi na gunia ya duka ingine. Makumi ine na tatu na nusu. Akaleta ya tatu.

"Ancien, mafabrique yote ya dunia yamepatana kukuibia wewe tu?"

Muke wa Ancien, nyuma ya nyumba, nilimusikia anacheka mpaka sufuria ikaanguka. Muelewe: balance ya mununuzi inasemaka kidogo, juu yeye ananunua. Kopo yetu ya makumi mbili ilikuwa makumi mbili na tatu. Vijana betu miaka yote balikuwa wananyanyua kuliko walivyojua, na juu hakuna mutu aliwaambia ni nzito, bakanyanyua. Ancien aliomba samahani mbele ya kanisa, sauti ya bass, akaapa ataitengeneza kwa neema ya Mungu. Na mimi nikakamata rangi, nikarekebisha kila kopo: makumi mbili na tatu, makumi ine na sita. Njo kutoka pale bananiitaka Papa Kilo.

Makopo yote nilirekebisha. Kopo moja tu nilisahau. Ile yenye ilikuwa inapaka rangi, mimi mwenyewe.

Juu nawaambia ukweli, batoto, niko muzee sana, siwezi tena kudanganya: mimi moniteur, mwalimu wenu wa mazoezi, ile miaka yote, sikuwa nanyanyua kitu. Nilikuwa na sifle, filimbi ya kupuliza, na kiti. "Moja! Mbili! Wewe, mugongo!" Nilihesabia wengine jasho. Kanyere muke wangu anapikaka sombe ya majani ya mihogo na mafuta ya mawese, nguruwe siku ya Mungu, na biazi ya kukaranga, hapo sifle ilikuwa inalala juu ya tumbo yenyewe bila kamba. Na kwa Ancien, ile balance yake yenye neema ya Mungu ilikuwa bado haijafikia, iliniambia makumi munane na mbili. Nikasema, mwanaume wa umri yangu, muzuri kabisa.

Sasa mwaka moja, Mumbere amekwisha kukaa ku kiti yake, nilienda Beni kuona mutukuu wangu kwa binti yangu Masika. Masika akaniangalia namna napanda ngazi tatu za nyumba yake, akanipeleka ku centre ya afya bila kuniuliza. Infirmière, muuguzi wa pale, alikuwa Mama Kavugho, mufupi, na sauti ya mwalimu.

"Papa, panda."

Nikapanda.

"Makumi kenda na ine."

"Mama, balance yako iko mubaya. Mimi niko makumi munane na mbili. Nilipimwa hata wiki haijaisha."

"Ulipimwa wapi?"

"Butembo, kwa mununuzi wa kahawa."

Akaniangalia juu ya lunettes, miwani yake. "Papa, wewe uko kahawa?"

Akanifunga ile kitambaa ku mukono, akapompa, akaangalia, akapompa tena. "Tension kumi na kenda juu ya kumi na moja. Ulikimbia kuja hapa?"

"Nilikuja na pikipiki."

"Kazi yako ni gani?"

Hapo niliinama kufunga kiatu yangu. Masika njo alinisaliti: "Ni moniteur wa sport."

Mama Kavugho alijaribu kujizuia, mukumbuke hiyo kwa heshima yake. Alijaribu kabisa. Kiisha akaweka kichwa ku meza. Alicheka mpaka mugonjwa wa inje akauliza kama anaweza kuingia kuona. Akapangusa macho, na aliponiangalia tena hakukuwa kicheko.

"Mu familia kuko mutu mwenye tension?"

"Yaya yangu."

"Anaendelea namna gani?"

"Anakaa ku mulango."

Akaandika dawa. "Kila asubuhi hii moja. Chumvi kidogo. Na kutembea haraka mpaka jasho, kila siku, miezi sita. Kiisha urudi nikupime. Ukifanya nusu nusu, Papa, utatafuta kiti ya pili, mukae wawili ku mulango. Na mawazo, uipunguze."

"Mama, niko mutu wa Butembo, unaniambia nipunguze mawazo?"

"Basi. Mawazo ikikataa, punguza kukaa."

Kesho yake asubuhi nikaamuka na bidii ya mutu mwenye ameogopa. Nilivaa culotte, kaputula ya mupira ya mukwe wangu, nikatoka ku barabara ya Mbau, nikaanza kukimbia. Hapa njo nilifanya kosa yenye mutu wa inchi ingine hawezi kufanya.

Bamama balikuwa wanakuja soko, basani ku kichwa, ndizi, bunga ya mihogo. Bananiona: muzee, peke yake, anakimbia kutoka upande wa Mbau, kule kunatokeaka mashambulio, macho nje, anapumua kama nguruwe ya Krismasi. Mama wa mbele akaita: "Papa, ni nini?" Pumzi ya kujibu sikuwa nayo. Nikafanya tu na mukono, nyuma, hivi. Mimi nilitaka kusema: hapana kitu, nitaeleza nikirudi. Yeye akasoma: banakuja, bako nyuma.

Basani ilianguka, nikaisikia. Kiisha biatu. Kiisha biatu mingi. Nikageuza kichwa: batu kama makumi tatu, bamama, papa moja mwenye povu ya sabuni ku kidevu, vijana ba pikipiki bamegeuza, na mbuzi. Batu bote bananikimbilia na uso ya mutu mwenye ameona kitu. Nikasema ndani ya moyo: kumbe kweli kuko kitu! Nikaongeza mwendo. Nao bakiona nimeongeza, bakaongeza. Batoto, tangu nizaliwe sijakimbia vile, na sitakimbia tena. Mbuzi ilinipita.

Tulifika ku barrière ya basoda, kizuizi ya baaskari. Adjudant, mukubwa wao, alikuwa mutu wa mukoa ya Équateur, Kiswahili yake ilikuwa na Lingala mingi ndani. Akaruka na bunduki: "Nini? Nani? Bako wapi?"

Bote bakasema pamoja: "Hatujui! Tunafuata huyu papa!"

Akanigeukia. "Papa, ni nani anakukimbiza?"

Nikaonyesha bamama. "Ni hawa."

Adjudant akafunga macho, akafungua. "Bon. Mutu wa kwanza kukimbia ni nani?"

Nikanyanyua kidole, kama ku masomo.

"Juu ya nini ulikimbia?"

"Tension, chef."

"Mama na ngai!" akasema, akakaa juu ya gunia ya muchanga, bega zake zikaanza kuruka. Basoda bengine nao bakaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilitaka kucheka. Lakini niliangalia bamama, na habakucheka. Moja, mama mutu muzima, alikuwa anashika mbavu, machozi inatoka, anahesabu batu wake na kidole kama wako wote. Bale bamama habakuwa bajinga. Siku ingine balikimbiaka, na kulikuwa sababu. Aibu yenye ilinishika pale, hakuna balance ya kuipima, hata ya haki.

Tulirudi ku barabara pamoja. Nilibebea kila mama basani yake, nikaokota ndizi mu majani, nikachota bunga ya juu juu yenye haijaguswa na udongo, mpaka jua ikafika katikati. Masika alituma bunga ingine kwa mwenye alipoteza yote. Ule mama aliniambia kwa Kinande, polepole, namna banasemeshaka mutoto: mazoezi ni kitu muzuri, Papa, lakini mutu mukubwa hapana kimbia bila kusema. Na Adjudant, wakati napita, akaita: "Papa Tension! Kesho ukitaka kukimbia, ambia majirani kwanza! Na uimbe! Mutu anaimba, hakuna mutu anamufuata!"

Munaelewa sasa juu ya nini ku salle yetu tunakimbia kwa kundi, na singlet nyeupe, na nyimbo, hata kama sauti zenu ni za bata? Si mapambo. Hapa kwetu mbio ni habari, na mutu hapana tangaza habari ya uongo.

Nikarudi Butembo. Mbele ya kutoka napita kila nyumba, nasalimia kwa Kinande: "Wabukire? Nakimbia. Hakuna kitu." Siku ya kumi jirani moja akaitika kutoka kitandani: "Papa Kilo, tumejua! Kimbia, utuache tulale!"

Munafikiri nikaendelea hivyo miezi sita, muzuri kama saa? Hapana. Kiisha wiki tatu habari ikaharibika, na mimi nikaingia ndani na radio. Niliweka kiti yangu karibu na mulango ili nisikie muzuri. Karanga mu sahani. Saa sita habari, saa saba habari, katikati ya habari ninangojea habari. Nilisema: nani atakimbia na hali hii? Nitaanza tena ikitulia. Siku kumi na mbili. Asubuhi moja nikanyanyua macho kutoka ku karanga, nikaona Mumbere kule ku mulango yake, ananiangalia. Alinyanyua ile mukono yake nzuri, akanisalimia kama mutu anakaribisha jirani mupya.

Kanyere naye aliona. Alikuja, akakamata radio, akaifunga mu kitenge ku mugongo kama mutoto, akaanza kuzunguka nyumba.

"Kanyere! Niko nasikiliza!"

"Sikiliza. Nani amekukataza? Habari inaingilia masikio, makalio haina kazi pale."

Nikaamuka kumufuata. Kama unataka kusikia, inapashwa utembee karibu. Na ule mwanamuke ana akili mubaya: habari ikiwa ya matata, anatembea mbio, ikiwa ya mupira, polepole. Bon, ule mwaka tulitembea mbio sana. Siku za ville morte, hakuna mutu inje, maduka imefungwa, sisi tulizunguka nyumba mara makumi ine, kuku mbele, radio kati, mimi nyuma. Jirani akachungulia juu ya uzio. Akadhani nimeibiwa akili. Kesho yake akatoka na radio yake.

Ni kama ule wakati wa ugonjwa wa kunawa mikono, musahau hapana. Salle ilifungwa, hakuna kugusana. Kila mutu alipeleka makopo mbili kwake. Asubuhi mimi nilisimama mu parcelle na sifle: "Moja!" na kutoka nyuma ya uzio, kule na kule, nasikia munaguna. Sikuona mutu. Niliwahesabia ile maguno.

Na niliharibu siku ingine, hiyo muandike pia. Mvua, uvivu, huzuni. Kanyere hakugomba. Kama jioni sijatembea, sahani yangu inakuja na sombe peke yake. "Na bugali?" "Bugali iko inakungojea nyuma ya nyumba, zunguka uikute."

Miezi sita ikaisha, nikavaa koti ya kwenda Beni. Barabara ikafungwa. Nikavua koti. Mwezi wa saba, nikavaa koti, bashofere bakakataa kutoka. Mwezi wa munane, tulifika hata njiani, tukarudishwa. Sasa hii njo ilikuwa nguvu kuliko yote, kuliko hata ile mbio ya Mbau. Kutembea kila siku na hujui. Labda ninapona. Labda nazunguka nyumba bure kama kuku na kiti iko inaningojea. Mara mbili nilipita mbele ya Ancien Nzanzu, akanichekea: "Papa Kilo, panda, leo ni balance mupya!" Miguu ilitaka. Nilijua itaniambia kitu tamu. Nikaenda zangu, nikazunguka.

Mwezi wa kenda barabara ikafunguka. Mama Kavugho alikuwa pale, lunettes ile ile.

"Papa Kahawa! Panda."

Nikapanda, nikafunga macho.

"Makumi munane na tano." Akafunga kitambaa, akapompa, akaangalia, akapompa tena. "Kumi na ine juu ya munane. Papa, ulifanya kweli?"

"Mama, pima tena. Hii balance iko mubaya."

"Ah! Ikisema mubaya unakataa, ikisema muzuri unakataa. Unataka nini, Papa?"

"Nataka gunia ya sima."

Alidhani ni mchezo. Lakini nyuma ya centre balikuwa wanajenga byoo, na fundi akaniazima gunia yenye haijafunguliwa, tukaibeba wawili mpaka ndani, bagonjwa banaangalia. Tukaiweka ku balance. Makumi tano. Hakuna hata nusu yenye ilipunguka. Nikakaa chini pale pale kwenye sima, mutu mukubwa, nikalia kidogo. Mama Kavugho akanipa kitambaa ya centre na kuniambia nisiichafue.

Jioni ya kurudi sikuenda kwangu kwanza. Nilienda ku mulango ya Mumbere, nikamuonyesha karatasi. Aliisoma polepole. Yeye alifika mwaka wa sita, anasomaka kuliko mimi.

"Makumi munane na tano," akasema. "Ya kahawa ao ya sima?"

"Ya sima."

Akakunja karatasi, akanirudishia. Mbele ya pale, kila mara nilipomuambia atembee, alijibu: inchi itulie kwanza, Kakule, mutu na muguu moja ataenda wapi ikilipuka? Ile jioni radio ilikuwa inasema mambo mubaya kama kawaida, mugongo ya Kanyere inazunguka kule. Mumbere akashika fimbo. Akashika bega yangu. Akaamuka, muguu ya kuume inavuruta udongo, shrrr, akaangalia nyumba yake kama mutu anaangalia mulima.

"Tuizunguke mara moja," akasema. "Lakini uambie majirani kwanza."

Na mimi nikaweka mikono ku kinywa, nikaita mpaka Rughenda isikie:

"Majirani! Hapana ogopa! Ni Mumbere anakimbia!"

Milango yote ikafunguka.